Mwenyeji wa Mtaa wa Viwanda

Jumatatu, tarehe 6

Meneja ameuliza kikaoni nani ni mwenyeji wa mtaa wa viwanda vya zamani, ule uliogeuzwa kuwa wa muziki na maonyesho ya sanaa. Ijumaa jioni tuna wageni, lazima watembezwe. Bwana Manukato, karani mwenzangu wa meza ya dirishani, akaanza kusafisha koo. Mkono wangu ukamwahi. Ulipanda wenyewe, mimi sikuutuma! Sijawahi kukanyaga huko. Mama husema ni kwa wahuni. Lakini tuko wawili kwenye majaribio, na nafasi ya kuthibitishwa kazini ni moja.

Jumanne, tarehe 7

Nimesingizia jino, nikaenda kupeleleza mchana. Mchana ni salama. Pia kumefungwa kote nilikopita. Kinu cha pamba: kufuli. Ghala la chai: kufuli. Mlinzi akauliza nimepotea au nimetumwa. Nikasema natalii. Alicheka mpaka akaegemea geti. Akasema: huku watu wanaamka jua likizama, mdogo wangu, saa hizi utatalii makufuli. Nimechungulia matundu mawili ya funguo. La pili lilikuwa na jicho upande wa ndani. Nimerudi nyumbani mbio.

Jumatano, tarehe 8

Nimekwenda jioni. Ole wangu! Mlangoni pa kinu cha pamba kuna baunsa mpana kama kabati. Nikamwamkia shikamoo. Ni mdogo kwangu, lakini aliitikia bila aibu. Ndani nikaketi kwenye magunia. Binti mmoja akapiga ukelele: kaka, umekalia kazi yangu ya miezi minne! Kumbe sanaa. Watu wakanipiga picha, wakidhani nami nimo. Nimeelewa sasa: huku chochote kinachofanana na takataka kiheshimiwe.

Alhamisi, tarehe 9

Bwana Manukato ameomba kuja kesho, eti anisaidie. Anisaidie! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kinanukia. Nimemwambia kwa tabasamu kwamba tunakutana ghala la chai. Kweli yenyewe, sisi na wageni tunakutana stesheni. Roho ilinisuta kidogo, mpaka saa ya chai.

Ijumaa, tarehe 10

Balaa. Mgeni mkuu hakutokea stesheni; Meneja akaamuru twende bila yeye. Mtaa nilioukariri kwa makufuli ulikuwa umefunguliwa wote. Hata baunsa wa juzi hakuwepo, sikutambua mlango hata mmoja! Nikawaingiza wageni kwenye jengo la kwanza lililokuwa wazi. Moshi, masizi, wanaume wenye ovaroli wakimimina chuma kilichoyeyuka. Nikanong'ona kwamba ni sanaa kuhusu jasho la babu zetu, tafadhali tusiguse. Meneja akavua kofia. Mzee mwenye koleo akauliza nani katuruhusu, na kama mama zetu wanajua tulipo. Nikawaambia wageni hiyo nayo imo. Alipotufukuza kwa koleo, walikimbia huku wakipiga makofi. Mmoja alitokwa na machozi. Nje ndipo nilipoona kibao. Kiwanda hicho hakijawahi kufungwa hata siku moja.

Jumatatu, tarehe 13

Bwana Manukato, kwa wema wake usiovumilika, alikuwa amempigia simu mgeni mkuu kumwelekeza: ghala la chai. Wamesikiliza muziki pamoja jioni nzima, wameagana kama ndugu. Amethibitishwa. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, kwa kumpoteza mgeni.

Nilipofika mlangoni nikitoka ofisini kwake, Meneja akaniita tena. Lile onyesho la chuma halimtoki kichwani. Yule msanii mwenye koleo ni nani hasa? Hapo ningeweza kusema kweli. Ulimi tayari ulikuwa mdomoni, mate yalikuwepo. Nikasema ni rafiki yangu mkubwa.

Meneja amefurahi mno. Alhamisi nimlete, awahutubie wafanyakazi wote kuhusu sanaa yake. Likienda vizuri, suala langu la kuthibitishwa litaangaliwa upya.

Nimeshanunua skafu kama za wasanii. Kesho asubuhi naenda kumvisha yule mzee.