Sababu za Kurudi Ishiara

Jumatatu, 3 Juni 2019

Tarehe ya mahojiano ya viza imetoka! Alhamisi ya tarehe ishirini, Nairobi. Nimepiga kelele hapa kibandani hadi Teresia, anayeuza nyanya jirani yangu, akauliza kama nimeumwa na nge. Nimemwambia ni bei ya ndengu imepanda. Ameniangalia sana.

Kawira amepiga simu jioni. Mke wangu yuko Minnesota, Marekani, anawaangalia wazee katika makao yao. Alishinda ile bahati nasibu ya kadi ya kijani ya kuishi kule kabla hatujaoana, akaenda, akarudi tukafunga ndoa kwao Nkubu, akaenda tena. Ameshapeleka maombi ya kunihamishia kwake. Yako kwenye foleni, na foleni yenyewe hakuna anayeona mwisho wake. Kwa sasa nataka kumtembelea tu. Majuma matatu, nimwone, nirudi. Krismasi mbili amekula peke yake. Siku hizi akicheka kwenye simu kicheko ni kifupi, na hilo linanitisha kuliko foleni.

Amenipa masharti. Wakiniuliza kama kuna maombi ya kuhamia, nikubali, nisidanganye hata kidogo. Kwa sababu ya maombi hayo watashuku kwamba nikifika sitarudi, kwa hiyo niwaonyeshe kwamba nina mambo nyumbani yanayonivuta nirudi. Na nisimwambie mtu yeyote. "Njagi, please," akasema, "usianze mambo yako."

Mambo gani? Mimi nina mambo?

Jumanne, 4 Juni

Nimekaa nikawaza ni nini kinachonivuta nirudi Ishiara. Kibanda changu cha nafaka sokoni. Mbuzi wachache. Sauti ya besi kwenye kwaya, ambapo mimi ndiye kiongozi. Haitoshi! Mtu anaweza kuacha mbuzi na besi asubuhi moja na asiangalie nyuma. Kinachotakiwa ni cheo. Mtu mwenye cheo hatoroki.

Na bahati iliyoje, mradi wa maji unachagua mwenyekiti Ijumaa. Shida ni Nyaga, naye anautaka uenyekiti. Nyaga anauza misumari na mabati. Chama cha ushirika kilimpeleka Uholanzi kuangalia ng'ombe, akakaa siku kumi, na tangu arudi anavaa koti la sufu hapa Ishiara, kwenye jua ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Kila akifungua mdomo ni "kule Uholanzi".

Nitamshinda.

Ijumaa, 7 Juni

Mwenyekiti ni mimi! Mkakati wangu ulikuwa chai na mandazi kwa wanachama wote kabla ya kura. Mkakati wa Nyaga ulikuwa hotuba kuhusu mifereji ya Uholanzi. Watu walipiga kura wakitafuna.

Baada ya kura ndipo nikaambiwa kwamba pampu imekufa tangu Machi. Si kitu. Nimepewa barua ya uenyekiti yenye muhuri wa bluu, safi kabisa, wino haujatapakaa pembeni. Nimeitazama njia yote hadi nyumbani na nikamkanyaga kuku wa mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda hadi Kianjokoma kwa binamu yangu Muriithi. Wazo lilikuwa zuri. Ofisa wa viza akiona picha yangu katikati ya majani chai atatulia moyo. Si uongo. Sitasema shamba ni langu, nitasimama tu ndani yake nikiwa na uso wa mwenye shamba.

Baridi ya huko! Na mke wa Muriithi hakuona sababu ya mtu mzima kusimama shambani bila kazi. Akanitwika kikapu mgongoni. "Si uchume ukipigwa picha, mikono iko bure?" Nimechuma mpaka saa nane. Kwenye picha zote naonekana kibarua, tena kibarua wa siku ya kwanza. Nimepewa viazi nikarudi nyumbani. Vidole vimekuwa vyeusi na rangi haitoki.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nilijizuia vizuri sana mpaka kama saa nne.

Nyaga alikuja kibandani kunipongeza kwa moyo mbaya. Akaegemea magunia yangu na koti lake. Akasema ni ajabu mradi mkubwa namna hii kuongozwa na mtu ambaye hajawahi kuona ndege kwa karibu. "Kule Uholanzi hata mchungaji wa ng'ombe amepanda ndege, chairman." Nikampimia mteja ndengu. Akarudia. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, ya masikio yake peke yake, kwamba naenda Marekani kwa mke wangu.

Sikusema viza bado. Hakuuliza.

Mteja hajamaliza kufunga mfuko, Mchungaji wa kanisa letu ananipigia. Amesikia! Amefurahi! Mtu haondoki hivi hivi, lazima aombewe mbele ya watu. Nikamshukuru, nikasema hakuna haja kabisa, mimi ni mtu wa kimya. Halafu nikamuuliza, kwa kutaka kujua tu, ile sala ya kumuaga Nyaga ilikuwaje. Akasema ilikuwa soda na mkate, ndani ya kanisa.

Hakukuwa na hema? Hakukuwa na hema.

Jumatano, 12 Juni

Hema limepatikana. Spika zimepatikana. Mabeberu wangu wawili wamekubaliwa na kamati ya chakula.

Mama mkwe amesikia huko Nkubu! Sijui habari hupanda mlima kwa njia gani. Nimemsihi asimwambie Kawira, nikisema ni jambo la kumshangaza. Amesema sawa, lakini sherehe atakuja, na atakuwa na kitu cha kumtumia mtoto wake.

Kawira alipopiga nimemwambia siku zinapita kimya tu. Nilitoka nje kwa sababu watu wa spika walikuwa wanazijaribu.

Jumapili, 16 Juni

Sijawahi kupendwa hivi.

Hema lilijaa mpaka watu wakasimama juani. Kila mtu alinisifu. Nilisikia kwamba mimi ni mkarimu, mpole, sipunji kwenye mizani. Teresia alisema sijawahi kumjibu vibaya. Niliangalia chini, machozi yananitoka, nikifikiri huyu Njagi wanayemsema ni mtu mzuri kweli.

Baadaye Mchungaji akaniita mbele nikabidhi. Hii ni desturi yetu. Anayeenda majuu haachi kazi ya watu ikining'inia, anaikabidhi hadharani, mikono juu, ndipo abarikiwe. Mbele ya watu wote hao ningesema nini? Akauliza nani atashika mradi wa maji. Nyaga akasimama na koti lake. "Kiti haiwezi kaa bure na watu wanataka maji." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga, mikono ilienda yenyewe.

Besi ya kwaya akapewa ndugu yake Nyaga. Mbuzi waliobaki wakaenda kwa jirani yangu Njoki, maana nani atawachunga? Teresia akasema kibanda kikifungwa panya watamaliza mbao, na kabla ya sala ya mwisho nusu ya nyanya zake zilikuwa zimeshahamia ndani.

Mama mkwe alishuka na mkungu mzima wa ndizi za kupika. Kwa heshima hakunikaribia sana. Alisimama upande wa pili wa meza, akaisukuma ile zawadi kuelekea kwangu. "Mwambie Kawira akule. Kwa picha amekonda." Hapo nililia kweli, na machozi hayo hayakuwa ya sifa.

Jumatano, 19 Juni

Niko tayari. Cheti cha ndoa. Leseni ya kibanda. Barua ya uenyekiti yenye muhuri wa bluu. Suti nimeipiga pasi mara mbili.

Mwanzoni yale makabidhiano yalinisumbua kidogo. Sasa naona yamenisaidia. Ofisa yeyote anapenda mtu mwenye mpango, na mimi sijaacha jambo hata moja wazi. Mkungu wa ndizi nimeuacha nyumbani kwanza, nitaurudia baada ya viza.

Ee Mungu, nimwone tu. Hata kama ni kwa majuma matatu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimenyimwa.

Naandika nikiwa Nairobi, nimekaa kwenye ukuta mfupi nje ya benki, suti bado ni nzuri.

Ofisa alikuwa mama kijana mwenye miwani, hana ubaya wowote. Akauliza kama kuna maombi ya kuhamia. Nikasema ndiyo, mke wangu amepeleka, yako foleni. Akaitikia kwa kichwa na kuandika. Haikumshtua hata kidogo! Kawira alikuwa sahihi. Nikapata nguvu.

Akauliza nafanya kazi gani. Nikaeleza kibanda. Akauliza nikisafiri nani atakiangalia, na hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamweleza kwamba asiwe na wasiwasi wowote. Kibanda kiko mikononi mwa Teresia tayari. Mbuzi wako kwa Njoki. Uenyekiti wa mradi wa maji ameshika Nyaga, kwa kura ya makofi. Hata besi nimekabidhi. Nilisema kwa sauti nzuri, kama ninasoma ripoti ya mwaka.

Akauliza polepole, "Kwa hiyo huko nyumbani hakuna kinachokungoja?"

Nikasema hakuna kabisa, ofisa! Kila kitu kinaendelea vizuri bila mimi.

Akanitazama kwa huruma. Sikuielewa ile huruma mpaka aliponirudishia pasipoti.

Ijumaa, 21 Juni

Nimerudi Ishiara. Nilipanga kuingia kimya kupitia nyuma ya soko. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa Nyaga, amepanda juu ya tangi la maji, koti mwilini.

Amenisalimia kwa upole mwingi mno. Akauliza kama Marekani ni karibu hivyo siku hizi. Na pampu, lo, inafanya kazi! Alinunua kifaa kimoja tu. Nimemwomba kiti changu. Amesema kilitoka kwa makofi, kitarudi kwa mkutano mkuu, mwakani.

Teresia amenionea huruma, akanipa kona ya kibanda changu mwenyewe, karibu na nyanya zilizolainika. Njoki amesema mmoja wa mbuzi wangu amezaa, na kwa desturi anayefuga ndiye wa kupewa mtoto wa kwanza. Ndugu yake Nyaga anafika chini kwenye besi kuliko mimi. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu nikipita nje ya kanisa. Limeniuma kuliko mengine yote ya hapa Ishiara.

Jumapili, 23 Juni

Tangu Alhamisi nilikuwa nimemwandikia Kawira neno moja tu, kwamba imekataliwa. Leo amekuwa na nafasi ya kuongea.

Nimemweleza yote. Akaniambia video ya sherehe ilimfikia siku ile ile, watu watano walimtumia, na hakutaka kunivunja moyo kabla ya mahojiano. Alisema alinitazama nikipiga makofi wakati Nyaga anachukua kiti, akairudia hiyo sehemu mara nyingi. Halafu akaanza kucheka. Kicheko kirefu, kile cha zamani, cha Nkubu, mpaka akakosa pumzi. Nilikaa juu ya gunia nikisikiliza, sikutaka kiishe.

Kilipoisha nilisikia analia. Alikuwa ameninunulia koti la baridi, ameshalitundika mlangoni karibu na lake. Kila akirudi kutoka kazini anayaona yote mawili.

Nilimwambia pole. Nikamwambia nampenda, kwa Kiswahili na kwa Kimeru changu kibovu, akanisahihisha.

Jumatano, 26 Juni

Kawira anakuja!

Ameomba likizo wakakubali. Agosti, majuma matatu. Kadi yake inamruhusu kutoka na kurudi. Yeye ndiye atapanda ndege, mimi nitasimama tu uwanjani nikingoja. Nimelia mbele ya wateja wa Teresia na sijaona aibu.

Ana ombi moja. Amechoka. Miaka miwili amekuwa akiinua watu wazima vitandani. Hataki mkutano, hataki wageni. Anataka kukaa na mimi nyumbani kwetu, mlango umefungwa, tule ugali na kunde, tuongee mpaka yaishe. Mama yake tutamwendea baadaye, wawili. Nimwambie mtu? Hapana. Hata mmoja? Hata mmoja. Nimeapa.

Jumamosi, 29 Juni

Nimetunza siri vizuri mno. Anayejua ni Mchungaji tu, maana yule ni mtu wa Mungu, na Teresia, maana alikuwepo. Na mama mkwe, kwani mzazi anafichwa? Kwaya inajua kwa sababu lazima wafanye mazoezi. Nyaga alinikuta nikichagua hema, na baada ya kubishana kidogo amekubali kutoa mabati ya jukwaa bure, mradi naye apewe nafasi ya kusema jambo kuhusu Uholanzi.

Kitakuwa kitu kidogo, cha heshima, cha siku moja. Mbili kama watu wa Nkubu watachelewa. Kawira atashangaa! Atashuka kwenye gari, kwaya itaanza, na ataona jinsi mume wake anavyomfikiria.

Ombi lake sijalisahau. Mimi si mtu wa kusahau. Kwenye ratiba nimeweka nafasi yetu ya kuongea wawili peke yetu, kati ya wimbo wa kina mama na hotuba ya MCA wa wadi yetu.