Uma Wangu kwa Mama Marta

Jumatatu, 2 Juni 2025

Huguette kasema mwenyewe, mbele ya wateja wote wa saluni yake: anatamani kuonja pupusa. Ni mikate ya mahindi yenye maharagwe na jibini ndani, chakula cha kwao Mama Marta, aliyetoka El Salvador na kufungua mgahawa mdogo hapa South Beach, Durban, jirani na duka langu la simu. Miaka miwili namfukuzia Huguette. Miaka miwili ananijibu tutaona. Bahati iliyoje! Nikamwambia pupusa nimezila sana, niliwahi kuishi na Wasalvador kule Johannesburg. Uongo mtupu. Kakubali nimpeleke Jumamosi! Crispus, yule Mkenya msomi wa mambo ya samaki, alikuwa ananyolewa. Akasema yeye hula pale karibu kila siku. Nani kamuuliza?

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi. Mtu wa kimataifa hula kwa uma na kisu. Nimekatakata chapati zote za Prodige, ninayeishi naye. Kanikuta mezani nimevaa tai, akauliza kama ninaumwa. Akashauri nikamuulize tu Mama Marta chakula chake kinaliwaje, kuuliza si ujinga. Nikamjibu anayeuliza ndiye anayejulikana kuwa hajui. Hajanisamehe zile chapati.

Jumamosi, 7 Juni

Eish! Nilivaa koti la rangi ya haradali. Huguette alipendeza mpaka nikasahau nilichopanga kusema. Mezani palikuwa na chupa pana ya kabichi. Nikafungua, nikanusa. Imechacha! Nikamwita Mama Marta, nikamweleza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba kwetu sisi tunaoijua pupusa hii ni aibu. Akanitazama. Akasema kabichi hiyo huchachushwa makusudi, na bila hiyo pupusa haijakamilika. Meza ya pili, Crispus akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Pupusa zikaja. Nikatoa mfukoni uma na kisu changu. Jibini likavutika, likagoma kukatika, likatua kwenye tai. Mama Marta akasema zinaliwa kwa mkono. Nikamwambia mimi si mtoto. Kuinua macho, Huguette ameshanawa! Anamega, anachota kabichi, anafumba macho. Akasema kwao Kalemie, kule Kongo, walikula hivi, yeye na dada zake, sinia moja. Tangu afike Durban anakula peke yake, amesimama, kati ya kichwa cha mteja huyu na cha yule. Akaanza kulia. Nikamwambia hayo machozi ni ya uchachu, nikamsogezea uma.

Crispus, mikono yote mafuta, akamsogezea kiti. Huguette akahamia kwake.

Jumatano, 11 Juni

Nimeumia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Basi nimemwambia kila aliyeleta simu kutengenezwa kwamba Mama Marta anauza kabichi iliyooza. Mchana foleni yake ikafika mlangoni kwangu. Watu wanataka kuionja hiyo kabichi! Mama mmoja kaniomba nimshikie nafasi akalete wenzake. Nimemshikia.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu ya Vijana, lakini nimefungua duka. Heri ningelala. Huguette kaja na Crispus. Kaniambia, “Pontien, iko mwisho, kaka yangu.” Kaka! Kasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. Kisha wakanunua kwangu vocha ya kupiga Kalemie, Crispus ajitambulishe kwa baba mkwe. Mtandao ukasumbua. Nani aliwarekebishia simu? Mimi. Nikasimama palepale nasikia mzee anacheka upande wa pili, anamwita Crispus mwanangu. Nilikuwa nimeshaiandaa salamu yangu kwa mzee huyo, tangu mwaka juzi.

Ijumaa, 20 Juni

Prodige kauliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza sana! Kosa lilikuwa uma. Ulikuwa mkubwa mno kwa jibini. Nimenunua mwingine, mwembamba, una kibweta chake chenye kitambaa chekundu ndani.

Annick, anayeosha nywele saluni kwa Huguette, kakubali kutoka nami kesho. Anapenda chakula cha Wahabeshi. Nimemwambia nimelelewa nao. Nasikia mkate wao mkubwa una uchachu fulani. Nitaurudisha jikoni mapema, kabla Annick hajaugusa.