Nafasi Moja ya Kisiwani

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi moja tu! Kikundi chetu cha mazingira hapa Iyunga kitatoa mtu mmoja kwenda kujitolea kwenye kisiwa kule pwani, kulinda kasa na msitu wa huko. Mwenyekiti, Mama Veneranda, amesema atakwenda atakayetunza vizuri kipande chake cha chanzo cha maji. Devota, mwenzangu wa kikundi, akatabasamu kama ameshapanda basi. Chai imenipalia kwa hasira. Mimi nilijua nafasi ni yangu, nimeshaagwa kanisani! Kuku wa kuniaga nimeshamla!

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia kipande cha Devota. Vimiti vya asili, havifiki hata magotini. Aibu tupu. Mimi nimepanda milingoti, ile mikaratusi ya mjomba Crispin wa Mafinga, miche inayonifika kifuani. Kwangu msitu, kwake mboga.

Jumamosi, 8 Machi
Ukaguzi. Mama Veneranda akashika kichwa. Akauliza nani kanituma kupanda milingoti kwenye chanzo cha maji, kwani sijui inavyokunywa maji hadi chanzo kikauke? Nikamjibu mjomba ana ekari nzima na hajafa kiu. Wote wakacheka, Devota kuliko wote. Nafasi kapewa yeye. Mimi nimeamriwa kung'oa kila mche, peke yangu. Nimesusa ugali.

Jumanne, 11 Machi
Nimeng'oa. Viganja malengelenge matupu. Kila mche nimeuita Devota kabla ya kuuvuta. Njiani Lusekelo, jirani yangu mwenye mdomo, akaniuliza safari vipi, au kisiwa kimehamia Iyunga? Nimeingia ndani nikafunga na dirisha.

Alhamisi, 13 Machi
Devota amekwenda kwa Mama Veneranda kuniombea! Eti kule kisiwani kazi kubwa ni kung'oa miti ya kigeni iliyovamia, na kwenye kikundi hakuna aliyeng'oa kama mimi. Yeye abaki na vimiti vyake. Kanionea huruma! Nani kamwomba? Nimekubali, lakini nimenuna. Mama Veneranda akanisomea sharti mara mbili: nisipeleke mbegu wala mche, kisiwa ni dhaifu, mmea mgeni mmoja tu unakimaliza. Nikasema nimeelewa, Mama, mimi si mtoto.

Jumapili, 16 Machi
Nafunga begi. Nimeulizia: kisiwa kizima hakina mparachichi hata mmoja! Na wanajiita wahifadhi! Nimekasirika upya. Kokwa za maparachichi ya Rungwe nimezificha kwenye soksi. Zikishaota, Devota atajua nani mwanamazingira.