Mada Isiyo na Watu

Jumatatu, 3 Machi

Siku saba za kupata mada ya tasnifu. Dk. Munyiva, msimamizi wetu, ametangaza leo: Jumatatu ijayo saa kumi na moja jioni daftari la mada linafungwa. Wanafunzi wawili hawaruhusiwi mada moja. Anayeandikisha kwanza ndiye mwenye mada. Asiye na yake atapewa iliyobaki kwenye orodha ya Daktari mwenyewe. Nimeiona orodha. Imebaki moja tu: "Madereva wa Malori ya Mchanga na Sheria ya Mazingira." Mahojiano ya ana kwa ana. Madereva sitini.

Sitini! Mimi hata kinyozi akinikata vibaya namwambia asante.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna atakayesoma. Naitwa Mbithi, nina miaka kumi na tisa, niko mwaka wa tatu wa sheria, na ninaogopa watu. Si wote. Wale wanaojibu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Wachira, anayekaa nyuma yangu darasani, husoma kila kitu cha Kiingereza juu ya bega langu. Kiswahili anasema kinamchosha.

Mpango: kutafuta mada isiyo na watu.

Jumanne, 4 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dk. Munyiva na mada safi: Sheria ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari. Kule chini hakuna wa kuhojiwa. Aliniuliza bahari iko upande gani wa Machakos. Nikasema haipo. Akasema basi na mada haipo.

Nikatoa ya akiba: viwanda vya ngozi vinavyopangwa kujengwa Kinanie. Bado vinapangwa tu, kwa hiyo hakuna wafanyakazi, hakuna majirani wa kulalamika, amani tupu. Daktari akanitazama. Akasema Wachira alimletea mada hiyo hiyo jana jioni, neno kwa neno, naye akamrudisha, maana kitu kisichojengwa hakina kesi.

Neno kwa neno! Jana niliacha karatasi mezani maktaba nikaenda kunywa maji. Ilikuwa ya Kiingereza. Mara ya kwanza maishani kufurahi kwamba nimeibiwa.

Nilimkuta Wachira nje. Akanipiga begani: "Niaje, Wakili Kimya? Umepata?" Sikumjibu. Akasema hilo ndilo jibu alilotarajia.

Jioni, nyumbani, kazi tele. Jumamosi watu wa Kabiru wanaleta ntheo ya dada yangu Nzembi. Mbuzi watatu. Kwetu Wakamba bila hao msichana hajaolewa, hata akae kwa mume mpaka apoteze meno. Kabiru ni Mkikuyu wa Yatta, anauza mbegu na dawa za mifugo, na hizo desturi zetu amezikubali zote bila kunung'unika. Mama ameazima sufuria za kanisa. Mimi nimepewa ndengu nichambue. Kokoto upande huu, ndengu upande huu, na ghafla, mada!

Ntheo na uhalali wa ndoa. Kesi zimejaa maktaba. Ni vitabu tu. Wachira hawezi kuifikiria, yeye hajui hata mbuzi ana miguu mingapi.

Jumatano, 5 Machi

Dk. Munyiva ameipenda. Ameipenda mno, hiyo ndiyo shida. Anasema kesi za vitabuni kila mtu anazo. Anataka nijue watu wanafanyaje hasa. Watu ishirini wa ukoo mmoja. Nikileta majibu Jumatatu, ataniandikisha. Kabla ya hapo, jina langu haliingii daftarini.

Lakini hakusema niwaone.

Nikaandika hojaji ya maswali kumi na mawili na kuituma kwenye grupu ya WhatsApp ya upande wa Mama, Mbaa Musili. Watu thelathini na mmoja, wengi wao Muthetheni. Unajibu kwa herufi, hakuna kuongea, hakuna kutazamana. Swali la saba ndilo lililonipa fahari: "Je, mume wa binti yenu alileta ntheo kabla ya harusi? (a) Ndiyo. (b) Hapana. (c) Sikumbuki."

Babu, yaani baba yake Mama, hana simu. Ila Anko Mulwa, kaka yake Mama, anakaa naye boma moja na humsomea kila kitu kwa sauti, hata matangazo ya salio.

Saa nane Anko Mulwa akaandika: "Mzee anasema la 7 ni b. Anauliza kama aendelee."

Nikajibu aendelee. Nilidhani anamzungumzia mama mdogo fulani!

Ukaja ujumbe wa sauti wa dakika nne. Babu ana binti mmoja tu. Nilipaswa kukumbuka hilo, ndiye mama yangu. Babu anasema miaka ishirini na minne amenyamaza kwa adabu. Sasa kwa kuwa mjukuu wake msomi ameuliza kwa maandishi, atajibu. Mwangangi, yaani baba yangu, hajawahi kufikisha hata mguu wa mbuzi Muthetheni. Na kwa desturi, baba hawezi kupokea ntheo ya binti yake kama ya mama wa huyo binti haijapelekwa. Jumamosi, watu wa Kabiru wageuze gari.

Nikabonyeza futa kwa wote. Ishirini na tisa walikuwa wameshasoma. Mmoja wao ni Mama, aliyekuwa jikoni. Sufuria ilianguka.

Alhamisi, 6 Machi

Baba hanisemeshi. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na asubuhi alinikabidhi chai kama anayerudisha mtihani wenye sifuri. Nzembi ananisemesha, heri angenyamaza. Anasema Kabiru akigeuzwa getini, mimi ndiye nitakayeolewa naye.

Baba anajitetea kwamba mwaka ule kulikuwa na ukame, na Babu mwenyewe alimwambia asubiri mvua. Anko Mulwa amepeleka utetezi huo. Jibu limekuja: Mzee anauliza mvua imenyesha mara ngapi tangu hapo.

Mpango wa tatu, kisheria. Niliandika maoni ya kurasa mbili kwamba Baba na Mama walifunga ndoa kanisani, cheti kipo kwenye fremu sebuleni, na ndoa ya kanisa inasimama yenyewe bila mbuzi. Nikapiga picha cheti, nikatuma vyote. Dakika tatu. "Mzee anasema cheti hakilii mee."

Mpango wa nne. Kabiru alete mbuzi wake leo kwa siri, tuwapeleke Muthetheni kama wetu, kisha Jumamosi ajitokeze na wengine. Nzembi alinirushia kandambili. Ya pili alikuwa bado ameivaa, akaivua.

Saa kumi Mama alitoka chumbani na begi. Baba yake amemwita. Kama mbuzi watakuja, lazima wamkute kwao, kama msichana. Baba akauliza chakula cha Jumamosi atapika nani. Mama akasema yeye kwa sasa si mke wa mtu, aulizwe mwenye nyumba. Na akaondoka akitabasamu! Amevaa viatu vya harusi za watu.

Tumekula ugali wa Baba. Ulikuwa mbichi upande mmoja. Nimeandika hapa kama ushahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Baba alipata mbuzi watatu kwa jirani, na pikapu. Nilipanga kubaki kusoma. Kabla hatujawasha gari, Anko Mulwa akapiga. Mzee ana sharti moja. Msemaji wa upande wetu asiwe Baba wala mzee wa kukodi. Awe yule aliyeuliza maswali kumi na mawili kwa simu. Aje aseme neno moja kwa mdomo.

Nilisema nina homa. Baba akanishika paji la uso, neno lake la kwanza kwangu tangu Jumatano likawa: "Panda."

Nilikaa nyuma na mbuzi hadi Muthetheni. Hawajibu. Watu wazuri.

Wazee saba kwenye viti vya plastiki, Babu katikati na kofia yake ya misa. Nyuma yao akina mama, na mlangoni Mama, kichwa ameinamisha kama msichana wa miaka ishirini, ila mabega yanacheka. Nikasimama. Mbuzi mmoja akakohoa. Nilikuwa nimekariri salamu yote ya kimila, kwa Kikamba, ilinichukua usiku. Ikapotea yote. Kilichobaki kichwani ni kile tunachofundishwa kwenye mahakama ya mazoezi. Nikainama, nikasema: "Kwa heshima ya mahakama hii tukufu, naja kwa niaba ya mshtakiwa."

Aiya! Walicheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kukohoa. Anko Mulwa alikuwa anarekodi. Baba alifumba macho. Babu peke yake hakucheka. Aliuliza mshtakiwa anakiri ama anakana. Nikamtazama Baba. Baba akasema anakiri, na akasema pole, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

Babu akamwita Mama mbele. Desturi ni kumwuliza msichana: hawa mbuzi tuwapokee ama tuwarudishe? Mama hakuwa na haraka. Akawazunguka mbuzi mmoja mmoja. Jasho la Baba nililiona kwa macho yangu. Mwishowe akasema: "Wapokeeni tu. Huyu nimeshamzoea."

Vigelegele. Halafu Mama akalia. Si kilio cha mchezo. Alimwambia Babu kwamba kila harusi ya binamu, akina mama wakihesabu mbuzi wa kila mmoja, yeye alikuwa akienda kuosha vyombo. Miaka ishirini na minne ya kuosha vyombo. Sikujua. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Niliandika kwenye daftari: mhojiwa namba tano alilia. Kisha nikafuta.

Jumamosi, 8 Machi

Ntheo ya Nzembi imepokelewa. Mama alirudi nasi jana usiku, kwa hiyo chakula kilipikwa. Saa tano pikapu ya Yatta iliingia, mbuzi wakashuka, Kabiru akashuka na suti ya kijivu, na nyuma yake, na miwani ya jua, akashuka Wachira.

Ni mtoto wa shangazi yake Kabiru! Miaka mitatu ananisoma begani na hakuwahi kusema. Akanikumbatia mbele ya watu, akaniita shemeji.

Wachira haogopi mtu. Alikula, akasifu mahindi ya muthokoi ya Mama, akaomba tena, akamvuta Anko Mulwa pembeni na soda mbili. Anko alimsimulia yote: swali la saba, b, cheti na mee, mahakama tukufu. Mara tatu, na video. Mara ya tatu Wachira alitoa kalamu.

Nilipita nyuma yake nikachungulia. Alikuwa anaandika kwa Kiswahili.

Nzembi ameniambia nisiwe na wivu, kijana wa watu anapenda tu mila. Nzembi leo anampenda kila mtu, hata mimi. Alinipa kandambili zake nimshikie.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu nilifika kwa Dk. Munyiva na majibu yangu ishirini kutoka Muthetheni, yamepangwa, yamebanwa. Akafungua daftari. Saa mbili na dakika tano: Wachira. "Ntheo Iliyochelewa: Familia Moja ya Machakos."

Nikasema, kwa sauti iliyosikika, kwamba hiyo familia ni yangu. Akasema ndiyo maana hata angenisubiri asingeniruhusu, mtu hachunguzi ndoa ya wazazi wake mwenyewe. Ila amesikia nilivyosimama mbele ya wazee. Wachira amemwonyesha video. Anadhani nimeshapona aibu, na madereva wa mchanga watanipenda sana. Vinginevyo nina hadi saa kumi na moja.

Nilikaa maktaba nikafikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa nini? Nimelipata. Maswali yalikuwa mengi mno. Kumi na mawili yanachosha watu, na mtu akichoka hukasirika. Kosa la pili: ukoo. Upande wa Mama wana maneno mengi. Upande wa Baba, kule Ekalakala, ni watu wapole.

Basi, saa kumi nimeandikisha mada mpya: "Haki ya Binti Kurithi Ardhi ya Baba Yake." Hakuna aliyekuwa nayo. Daktari aliuliza kama nina ukoo wa kuchunguza ambao si wazazi wangu. Ninao, tena mzuri kupita kiasi. Shamba la marehemu babu mzaa baba halijagawanywa. Anko na shangazi tisa, na kwa miaka kumi na moja hakuna hata mmoja aliyelitaja mezani. Familia yenye amani kama hiyo ni vigumu kuipata.

Safari hii swali moja tu. Fupi. Limetumwa kwenye grupu ya Ekalakala saa kumi na moja kasoro kumi: "Je, shangazi zetu wapewe sehemu yao ya shamba? (a) Ndiyo. (b) Hapana."

(c) nimeiondoa, inawachanganya.

Tiki mbili. Zimekuwa buluu zote kwa pamoja. Shangazi wanne wanaandika. Anko Ndunda, mdogo wake Baba, anayelima shamba hilo lote peke yake, anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwitikio mzuri sana!

Baba anapiga simu. Bila shaka ameona, anataka kujibu kwa mdomo. Nimemtumia ujumbe kwamba herufi inatosha.