Upepo wa Bwana Octavian

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Habari mbaya tangu asubuhi. Zoezi la kupunguza wafanyakazi limefika kwetu. Sehemu ya usafirishaji ina makarani wawili, mimi, Optatus, na Kefa. Atabaki mmoja. Mama Evelina wa makao makuu anakuja wiki ijayo kutazama nani ana manufaa.

Kefa ana cheti cha kompyuta. Idara haina kompyuta, lakini cheti anacho, na anatembea nacho. Mimi nina kidato cha sita na tumbo linalouma kila nikiitwa jina langu kwa sauti.

Saa ya chai mkuu wetu, Bwana Octavian, akaanza kulalamikia pikapu. Imechemsha tena njiani kutoka Hombolo. Alikuwa amempakilia mkewe tenga la zabibu. Zilipofika nyumbani Area D, mke alidhani ameletewa uji. Bwana Octavian akauliza kwa hasira kama idara nzima haina mtu mwenye wazo.

Nikasikia mtu anasema kwamba feni inayozungushwa na injini ni mambo ya kizamani, magari yanayoingia siku hizi kutoka Japani yana feni za umeme, na pikapu yetu inaweza kubadilishwa. Wote wakanigeukia. Kumbe ni mimi! Mdomo ulisema kabla sijauruhusu.

Bwana Octavian akauliza kama kazi hiyo naijua. Nikasema nimeisoma. Ni kweli. Niliisoma kwenye ukurasa wa gazeti uliofungia maandazi.

Jumanne, 4 Oktoba

Kefa ananiita Injinia. Mbele ya watu akaniomba nikimaliza pikapu niifungie na baiskeli ya tarishi pangaboi. Wakacheka wote. Hata tarishi!

Mchana nikaenda mtaa wa Kikuyu kwa Damas, fundi umeme wa magari. Anajua kila kitu na anakisema kwa sauti. Ana feni iliyotolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililopinduka. "Hii ikikupuliza, ndugu yangu, unasahau mpaka jina la shangazi yako." Sikuhitaji feni ya aina hiyo hasa, lakini nikaichukua.

Shida ikawa dereva wetu, Mzee Bartolomayo. Aligoma kutoa ufunguo. Alisema gari hili wamezoeana, linachemka kama yeye mwenyewe, likipoa ghafla huenda naye akaugua. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, taratibu zaidi. Akatoa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Kazi imekwisha! Feni ya zamani imetolewa, mpya imekaa nyuma ya rejeta. Swichi inayojiwasha yenyewe kwa joto haikupatikana. Damas amefunga kwenye dashibodi swichi ya ukutani, ya taa ya sebuleni. Mzee Bartolomayo ameipenda. Anawasha na kuzima kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Majaribio yakafanyika mbele ya ofisi, watumishi wote wametoka. Bwana Octavian akasimama mbele ya gari, mikono nyuma. Feni ikanguruma. Akangoja. Akasogea. Akanyoosha mkono. Akainua uso kama mtu anayetazamia mvua. Kisha akasema hasikii upepo wowote.

Kefa akasema hata yeye hasikii. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mhasibu!

Damas akaeleza kwamba upepo unavutwa kuingia ndani. "Injini ndiyo inayosikia joto, mzee, si wewe."

Nikaona shingo ya Bwana Octavian inavimba. Nikajiona nimeshapunguzwa, nimebeba godoro kichwani narudi kwa mama. Nikamvuta Damas pembeni nikamwambia ageuze waya, feni izunguke upande wa pili, upepo utoke mbele. Akasema gari likiwa mwendoni feni itapigana na upepo wa njiani na rejeta haitapoa. Nikamwambia gari haliandiki ripoti ya utendaji wa watumishi. Hilo akalielewa.

Akageuza. Tai ya Bwana Octavian ikaruka begani. Akafumba macho. "Ehee! Sasa hii ndiyo feni!"

Makofi. Mhasibu akaomba naye asimame hapo kidogo. Jioni nimekula chakula chote, nikakwangua na sufuria.

Jumatatu, 10 Oktoba

Kefa! Asubuhi alisema "feni yetu". Kufika saa ya chai ilikuwa "feni yangu". Amemwambia Bwana Octavian kwamba wazo la kugeuza waya alininong'oneza yeye, na kwamba mimi nilishika tochi tu. Ilikuwa mchana kweupe! Tochi ya nini?

Nikaingia ofisini kwa Bwana Octavian kukanusha. Nilikuwa nimejiandaa, sentensi zote zimepangwa. Akainua kichwa akauliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kuangalia kama chai yake imekwisha. Nikatoka na kikombe.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimechoka, lakini lazima niandike.

Mama Evelina amefika. Mrefu, si msemaji, anamtazama mtu kama fundi cherehani anayekisia kitambaa. Akataka twende Hombolo akaone ghala letu. Yeye na Bwana Octavian wakakaa mbele na dereva. Mimi na Kefa nyuma, pamoja na madumu ya maji. Kabla ya kuondoka Kefa alimfungulia mlango akamweleza habari za "feni niliyobuni". Mimi nikasema shikamoo mama. Basi.

Upepo wa Oktoba ulikuwa mkali, unatupiga usoni moja kwa moja. Vumbi lote la Dodoma likaingia mdomoni mwangu. Kabla ya nusu ya njia pikapu ikachemsha, tena si kama zamani. Zamani ilikuwa inalalamika. Leo ilipiga kelele! Mvuke ukafunika kioo chote. Mzee Bartolomayo akabaki anawasha na kuzima swichi kama mtu aliyekatiwa umeme.

Tukashuka wote. Mama Evelina akauliza, polepole sana, feni hii ni ya nani.

Nikafungua mdomo. Leo ndiyo ukakataa.

Kefa akasimama wima kama askari. "Ya Optatus, mama! Peke yake! Mimi nilimkataza tangu mwanzo. Bwana Octavian hapa ni shahidi."

Bwana Octavian akakohoa, akathibitisha kwamba ndiyo, feni ni ya Optatus, peke yake. Mzee Bartolomayo akaongeza kwamba yeye hata ufunguo alikataa kutoa. Mama Evelina akatikisa kichwa. Tukamwaga maji, tukasubiri, tukamwaga tena, tukafika Hombolo kwa kusuasua. Huko nilipewa zabibu, nikazishika tu mkononi mpaka zikapata moto. Nilikuwa nimeshaamua kuuza maandazi. Karatasi za kufungia ningeomba ofisini.

Wakati wa kurudi Mama Evelina alisema mgongo unamuuma, akaamuru twende polepole, mwendo wa gari la maiti. Upepo ulikuwa ule ule, ila sasa unatusukuma kwa nyuma. Vumbi letu lenyewe likawa linatupita na kututangulia. Nikafumba macho nikangoja mlio. Kimya. Tukapita pale tulipochemshia. Kimya! Kefa alikuwa ananusa hewa kama mbwa, akitafuta mvuke. Mzee Bartolomayo akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba mshale wa joto umelala kama mtoto aliyeshiba.

Tukaingia Dodoma bila kufungua dumu hata moja. Zabibu za mke wa Bwana Octavian nzima, zinang'aa!

Bwana Octavian akasimama kama anayehutubia, akatangaza kwamba tangu ahamie hapa pikapu haijawahi kurudi kutoka Hombolo bila kuchemsha. Mama Evelina akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo. Akauliza tena feni ni ya nani.

Kefa akavuta pumzi. Mama Evelina akamzuia kwa kidole. "Usijisumbue, mwanangu. Ulishaniambia. Ya Optatus, peke yake."

Nikakaa chini, nimeegemea tairi. 

Jumatano, 12 Oktoba

Nabaki! Nimeambiwa rasmi. Nimejifungia chooni nikacheka bila sauti.

Kefa naye hakuachishwa. Anahamia masjala, ambako inasemekana kompyuta italetwa. Amenipa mkono. Nami nimefurahi kwa dhati, maana usiku niliota amekuja kununua maandazi yangu na kuyarudisha.

Mchana Damas akapita. Amesikia habari zote. Anasema kwenda tulipigana na upepo, kurudi upepo ulitusaidia, hakuna muujiza wowote hapo, nimpelekee gari arudishe waya kama zilivyokuwa. Nikalitafakari jambo hilo kwa makini, kisayansi. Hapana. Wakati wa kwenda feni ilikuwa bado ngeni. Wakati wa kurudi ilikuwa imezoea. Hata mimi mwezi wangu wa kwanza kazini nilikuwa natetemeka. Isitoshe, Bwana Octavian sasa jua likiwa kali anatoka kwenda kusimama mbele ya pikapu, vifungo vya shati wazi, anapulizwa. Nani atamwambia upepo umegeuzwa?

Jioni Bwana Octavian akaniita, jina langu, kwa sauti. Tumbo! Kumbe ni heri. Mama Evelina amependezwa mno. Anataka lori la idara, lile linalopanda mlima Sekenke na shehena ya mahindi, lifungwe feni kama hiyo. Mbili. Bwana Octavian akauliza kama na lori nimelisoma.

Nikasikia mtu anasema hakuna tatizo, na kwamba upepo wote utatoka mbele.