Msiba wa Nyota Kijijini Daudi

Jumatatu, 11 Machi 1974
Hapa Daudi hakuna mwenye bahati kama mimi. Wenzangu wamefika Arusha, wakauza vitunguu, wakarudi. Mimi nimefika Dar es Salaam, nikachungulia nyota kwa darubini ya Wazungu. Mungu asifiwe.
Darasa langu la kisomo limebaki na watu watano. La mwalimu mwenzangu Patriki limejaa hadi mlangoni, eti anafundisha mbolea. Mwenyekiti Nicodemo amesema darasa dogo litafungwa, mwalimu wake arudi shamba la ujamaa. Mimi na jembe! Kesho nafundisha kifo cha nyota.

Jumanne, 12 Machi
Watu walishonana. Nikawaambia nyota ya aina ya jua letu ikizeeka huvimba, huwa nyekundu, kisha huvua nguo zake za nje na kuzitupa angani. Nguo zile hung'aa kama pete ya moshi. Baba Margwe akauliza letu litakufa lini. Nikasema baada ya miaka milioni elfu tano. Akasema basi mahindi yatawahi. Nikaongeza kwamba ndugu mmoja wa jua ameshakufa hivyo, na habari zake ndiyo kwanza zinatufikia. Mama Severina akashika kichwa, akanipa pole. Nikajibu nimeshapoa. Ushindi.

Jumatano, 13 Machi
Shambani hakuna mtu. Kijiji kizima kimekaa uani kwangu. Marehemu nyota hajazikwa, kwa hiyo hakuna wa kushika jembe. Ndivyo tulivyo huku. Wameleta unga, maharage, maziwa ya mgando. Patriki naye kaja na koti la msibani, ananiuliza kwa upole wa kinafiki tutamzika upande gani wa mbingu. Nikamkaribisha uji. Mwenyekiti amevimba kuliko hiyo nyota. Anasema magugu yanameza mahindi. Watu wasiporudi shambani kesho, darasa limekwisha, na wa kwanza kupewa jembe ni mimi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeamua kuzika. Nikachimba shimo nyuma ya darasa, nikatia kaa la moto, nikawaambia ndiye huyo. Mama Severina akachungulia. Akasema Mwalimu, mbona huyu bado anawaka? Nikakiri kwamba nyota ikishavua nguo hubaki kiini cheupe, kidogo kama dunia hii, kikipoa polepole miaka na miaka. Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyemwaga maziwa. Akasema basi hajafa, anaumwa, na mgonjwa hazikwi, anapelekewa maziwa. Akawageukia watu: haya, baba zangu, majembe. Wakaondoka wote. Patriki hata hakuaga.

Jumapili, 17 Machi
Magugu yamekwisha. Mwenyekiti ameruhusu darasa liendelee, mradi nisiue kitu kingine. Watu hawa nitawashukuru vipi? Kila jioni wanaleta maziwa ya mgonjwa, nami nayapokea kwa niaba yake. Leo baada ya misa wamenichangia mbuzi. Wanataka nimuuze, nipande basi hadi Dar, nikaiazime ile darubini ili nao wamjulie hali. Machozi yalinitoka. Nikasema nitakwenda, na nikirudi nitawafundisha mwezi, maana nilibakiza kidogo tu kufika huko. Mbuzi nimemfunga mlangoni, nimempa majani kabla sijala mwenyewe.
Dar es Salaam sijawahi kufika. Darubini sijawahi kuiona.