Taa za Kijani Juu ya Kabati

Jumatatu, 4 Machi

Namshukuru Mungu kwa kuniamsha mzima, na kwa kunipa kazi ambayo hakuna mwingine anayeielewa. Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa kliniki ya macho. Cheti sina. Ninacho kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Mafaili ya wagonjwa hayakai kwetu. Yako kwenye seva ya kampuni moja, mji mwingine kabisa, tunayafungua kwa intaneti. Leo saa mbili asubuhi hayafunguki! Kompyuta inasema muunganisho umekataliwa. Nikaizima, nikaiwasha, mara tatu. Umekataliwa. Nikapangusa skrini. Umekataliwa, ila sasa inasomeka vizuri.

Namshuku Bi Daftari. Ndiye mpokezi wetu, anaandika kila kitu kwenye daftari lake, hata nani kapiga chafya. Mwezi jana nikiwa likizo aliichomoa ruta, kile kisanduku cha intaneti, akaichomeka, intaneti ikarudi, watu wakampigia makofi. Kwa ruta yangu! Basi tangu Ijumaa nikitoka kazini naondoka nayo ndani ya mkoba wa chakula. Nyumbani naichomeka juu ya kabati ipate chaji. Asubuhi nairudisha kabla yeye hajafika. Usalama kwanza.

Saa nne nikampigia fundi wa seva, dada mwenye sauti ya upole. Akasema seva yao inapokea tu namba za anwani za intaneti zilizo kwenye orodha, na namba yetu imebadilika. Akaandika mpya. Yakafunguka! Nikawatangazia wote kwamba nimelimaliza. Nawashukuru kwa makofi. Bi Daftari alipiga moja tu.

Jumanne, 5 Machi

Umekataliwa. Jamani!

Leo si mchezo. Mama mkwe yuko kwangu tangu jana jioni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, haoni ila mwanga na vivuli. Daktari wa upasuaji anakuja kliniki kwetu keshokutwa, halafu harudi hadi baada ya miezi mitatu. Kipimo cha lenzi ya mama kiko kwenye ile seva. Bila kipimo, hapasuliwi. Anataka kuuona uso wa mjukuu wake, mwanangu, aliyefikisha miezi minane bila bibi yake kumwona hata siku moja. Mke wangu ameniambia kwa utaratibu sana kwamba anategemea utaalamu wangu. Akiongea kwa utaratibu namwogopa.

Nikamsumbua dada wa seva tena. Akaandika namba mpya tena. Yakafunguka saa tano. Dada huyu Mungu amzidishie.

Jioni mama aliuliza ni vitu gani vile vinavyometameta juu ya kabati, vya kijani. Ndivyo pekee anavyoviona nyumba nzima, maskini. Nikamjibu ni saa ya ukutani. Akauliza mbona haiko ukutani. Nikamkaribisha chai.

Jumatano, 6 Machi

Umekataliwa. Nimeamua kwamba ni hujuma. Nikabadilisha nenosiri ili Bi Daftari asiweze kuingia. Nikachagua gumu sana. Baada ya dakika kumi hata mimi sikuweza kuingia.

Dada wa seva akanirudishia nenosiri, akaandika namba ya tatu, sauti ikiwa imepungua upole kidogo. Akaeleza kwamba namba hubadilika kila ruta inapochomekwa upya. Akauliza kama kuna mtu anaichomoa. Nikamwambia hakuna, hapa ruta tunaitunza kama yai. Na ni kweli! Mimi naichomoa jioni, kliniki ikiwa imefungwa. Haihesabiki.

Ila sasa ushahidi ninao: anayeichomoa ni Bi Daftari. Leo nimeibeba mapema zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya leo nisingependa kuiandika. Naandika hivyo hivyo.

Saa mbili daktari wa upasuaji amenawa, yuko tayari. Mama mkwe kavaa kofia na joho la wagonjwa, kakaa kwenye kiti pale mapokezi, mke wangu kamshika mkono, mtoto mgongoni. Nikafungua kompyuta. Umekataliwa! Jasho likanitoka mpaka kitambulisho kikalowa.

Nikapiga simu. Dada akasema pole kaka, mara ya nne haruhusiwi kugusa orodha bila kujua sababu, huenda ni wezi wanaojaribu kuingia. Bi Daftari akaninyang'anya simu, akaweka spika, akamuuliza kwa sauti kubwa tutafute nini hasa. Dada akajibu: kisanduku chenye taa ndogo za kijani, kuna mtu anakihamisha.

Mama mkwe akainua kichwa. Akasema, kwa upole tu, kwamba kisanduku hicho anakifahamu, kila jioni kinamwangazia akiwa kitandani, kiko juu ya kabati la mkwe wake.

Mke wangu akanitazama. Daktari wa upasuaji akanitazama, mikono juu. Nikakiri yote: mkoba, kabati, chaji. Dada wa seva, nadhani, alicheka. Halafu akaandika namba. Faili likafunguka, kipimo hiki hapa, mama akaingizwa ndani. Nililia. Sioni haya kuandika, nililia mbele ya Bi Daftari, naye akanipa kitambaa, kisha akaandika kwenye daftari.

Jumamosi, 9 Machi

Nashukuru! Jana walimtoa mama bandeji ya jicho la kulia. Akamtazama mjukuu muda mrefu, akamhesabu vidole. Kisha akanitazama mimi, akasema kumbe mkwe wangu una mvi. Ni neno tamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa.

Dada wa seva ametuombea namba isiyobadilika, itaanza wiki ijayo. Mpaka hapo ruta isichomolewe hata sekunde moja. Imefungwa ndani ya kisanduku cha chuma, na ufunguo kapewa, sijui kwa nini, Bi Daftari. Nimeapa mbele ya kliniki nzima kwamba ruta siigusi tena, na kiapo nimekishika.

Ila waya wake wa umeme umeachwa nje ya kisanduku. Mtu yeyote angeweza kuuchezea! Nimekuja nao nyumbani.

Mama sasa anaona kila kitu, ameshaniuliza mara mbili mkobani kuna nini. Jicho la kushoto ni miezi mitatu ijayo. Namshukuru Mungu kwa kila jambo na wakati wake. Waya nimeuficha upande wake wa kushoto.